Kipande cha Kuonja

Kila asubuhi Kemirembe alishuka ziwani na mtungi wake kabla ukungu haujainuka. Alijua sehemu ngumu za kukanyaga kati ya matete, na alijua jiwe la kusimama ili auone mtumbwi wa baba yake ukirudi kutoka kwenye migono, mitego yake ya samaki.

"Shikamoo, baba. Umepata?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepata kupita kiasi," Rwezaura alijibu, na sauti yake haikuwa ya furaha.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo la wavuvi wote wa ziwa lile dogo. Kijiji chao kilikuwa mbali na kijiji kikubwa cha Kimuli, na Kimuli yenyewe ilikuwa mbali na soko la Murongo. Migono ilipojaa, wanaume walikula, wakawagawia majirani, na samaki waliobaki wakaoza. Mwewe walinenepa, lakini watoto wa wavuvi hawakuwa na shati la kubadilisha.

Mwaka 1955, mvua za vuli zilipokwisha, alikuja mwalimu. Aliitwa Bibi Adelgunda, mwanamke wa Muleba mwenye sauti ya upole na mikono isiyochoka. Alishuka kwenye lori la kahawa akiwa na mapipa mawili matupu, magunia ya chumvi ya mawe na vipande vya waya wa chuma. Watu walidhani amekuja kujenga nyumba.

"Nimekuja kuwafundisha akina mama kutengeneza samaki wasiooza," alisema. "Wanaume wanajua kuwavua. Tatizo linaanza samaki wakishafika nchi kavu."

Akina mama wakaungana naye, na Joviana, mama yake Kemirembe, akawa kiongozi wao. Walijifunza kupasua kambare mgongoni na kuwasafisha. Walijifunza kuwalaza katika maji ya chumvi ndani ya lile hori la mti ambalo wanaume walilitumia kukamulia ndizi za pombe. "Waacheni humo kwa muda wa kuivisha chungu cha maharage, wala msizidishe," mwalimu aliwaambia. Kisha wakajenga tanuri la udongo, juu yake wakaweka pipa lililotobolewa, na ndani ya pipa wakapanga samaki juu ya waya ili wakauke kwa moshi wa polepole.

Wakati wote wa mafunzo, Bibi Adelgunda ndiye aliyeonja. Alimega kipande, akakitafuna pamoja na ndizi iliyopikwa, kisha akasema, "Ongezeni moshi," au, "Hapa chumvi imepungua." Siku moja aliwaambia:

"Sasa mmekwisha kujua. Mimi naenda kuwafundisha wenzenu wa upande wa pili wa ziwa. Tengenezeni wenyewe tenga la kwanza, tukutane gulioni Murongo. Kuna mfanyabiashara, Bwana Placidius, ameahidi kwamba akiwapenda samaki hawa, atachukua matenga yenu kila gulio. Asipowapenda, itanibidi nihamishe mapipa na chumvi niwapelekee wengine, maana vitu vyenyewe ni vichache. Haya, nani atakuwa mwonjaji?"

Akina mama walitazamana, wengine wakaziba midomo kwa khanga zao wakicheka.

"Mwalimu," Joviana alisema, "sisi wanawake wa huku hatuli kambare."

"Nani aliwakataza?"

"Hakuna aliyetukataza. Tulizaliwa tukakuta hivyo."

Bibi Adelgunda alitabasamu. "Hata kwetu bibi zangu hawakula. Mimi nilianza nilipokuwa chuoni, na siku ile niliogopa kulala. Lakini anayeuza chakula asichokijua ni kama anayeuza mzigo gizani. Lazima mmoja wenu aonje."

Akina mama walipokuwa wakisukumana, Kemirembe alijikuta amenyoosha mkono kama yuko darasani. Alipenda kusifiwa, na alitaka mama yake ajivune.

"Mtoto wa shule hana mwiko," akina mama walisema kwa pamoja, wakafurahi kupata pa kutokea. Ni mmoja tu ambaye hakucheka. Bibi Kokuhirwa, mama yake Rwezaura, alikuwa ameketi mlangoni akisuka mkeka. Aliguna tu, akaendelea kusuka.

Jirani yao upande wa malishoni kulikuwa na familia ya wafugaji, na binti yao Kyarimpa alisoma darasa moja na Kemirembe. Kila walipotoka shule, Kemirembe alipitia kwao kunywa maziwa. Mama yake Kyarimpa alifukiza vibuyu vyake kwa majani yenye harufu nzuri, na maziwa yake yalinukia kama shamba baada ya mvua. Kemirembe hakujua kinywaji kitamu kuliko kile.

"Nasikia wewe ndiye utakayeonja samaki," Kyarimpa alimwambia siku hiyo.

"Ndiyo. Nimechaguliwa."

"Basi hiki ndicho kikombe chako cha mwisho hapa kwetu." Kyarimpa hakuwa akitania. "Aliyekula samaki hanywi maziwa yetu. Ng'ombe hukauka viwele. Baba amesema hivyo, na babu alisema hivyo."

Kemirembe alimeza maziwa yale taratibu, na furaha yote ya kuchaguliwa ikamwondoka.

Jumamosi wavuvi walileta samaki wengi. Akina mama walipasua mpaka jua likapungua ukali, wakajaza hori maji ya chumvi na kuwalaza kambare humo. Hawajakaa sana, ngoma ya katekista ikalia kuwaita kwenye sala ya jioni. Wakanawa mikono wakaenda. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili mtu wa kijiji kile hakushika hata jembe. Kwa hiyo samaki walilala ndani ya chumvi mpaka Jumatatu asubuhi.

"Si wamezidi muda?" aliuliza mama mmoja.

"Chumvi ni dawa ya kuzuia kuoza," Joviana alimjibu. "Wakikaa zaidi, watadumu zaidi."

Jambo hilo liliwaingia akilini wote. Wakawapanga samaki tanurini, wakachochea moshi wa polepole kama walivyofundishwa. Jumanne alasiri walipofunua pipa, hakuna aliyeweza kujizuia kupiga kelele. Kambare walikuwa wameiva rangi ya asali, wakavu, wanang'aa.

"Mwonjaji! Yuko wapi mwonjaji wetu?"

Kemirembe alipewa kipande juu ya jani la mgomba. Kilikuwa kizuri kutazama, lakini yeye akilini alikiona kibuyu cha maziwa kikifungwa.

"Nitaonja na ndizi, kama mwalimu," alisema. Akakimbilia nyuma ya jiko. Huko alimkuta mbwa wao, Mlinzi, akamtupia kipande chote. Alisubiri kidogo, akajipangusa midomo, akarudi.

"Haya, tuambie!"

"Ni mtamu," Kemirembe alisema. "Mtamu sana!"

Vigelegele vikapaa. Mama yake alimkumbatia mbele ya wote. "Samaki hawa ndio watakaokupeleka shule ya kati, mwanangu," alimnong'oneza. Juu ya bega la mama yake, Kemirembe alimwona Mlinzi akinywa maji yote ya kuku, kisha akateremka mbio ziwani akanywa tena, mpaka tumbo likaning'inia. Alishangaa mbwa yule ana nini leo. Hakulifuatilia.

Siku ya gulio walipanda lori la kahawa na tenga lao lililofunikwa majani mabichi. Murongo ilijaa watu. Wengine walikuwa wamevuka mto Kagera kutoka upande wa Uganda, wakiwa na vitambaa, sufuria na majembe. Bibi Adelgunda alikuwa amekwisha fika, na kando yake alisimama Bwana Placidius, mtu mnene mwenye kofia, aliyehamia huko kutoka Bukoba kwa ajili ya biashara.

"Rangi nimeipenda," alisema Placidius akimgeuza kambare mmoja. "Harufu nimeipenda." Akamega kipande kikubwa, akakitia kinywani.

Alitafuna mara chache, akasimama. Akageuka pembeni, akatema.

"Maji!" aliita. Alikunywa kata nzima, akaomba nyingine. "Mama, huyu ni samaki au ni jiwe la chumvi la kulamba ng'ombe?"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko.

"Wapelekeeni wafugaji, ng'ombe wao watafurahi!" alidakia mwuza majembe mmoja.

Bibi Adelgunda alionja ncha tu ya kipande, akakunja uso. "Joviana, nani alionja samaki hawa?"

"Mwanangu, Kemirembe. Alionja akasema ni watamu."

"Basi binti yako ana ulimi wa mbao," alisema Placidius.

Joviana alisogea mbele. Alikuwa mwanamke mpole, lakini sasa macho yake yaliwaka. "Bwana, mwanangu hasemi uongo. Pengine ulimi wako ndio una homa. Kama Kemirembe amesema watamu, ni watamu, na mimi nasimama na neno lake mbele ya soko zima."

Kemirembe alihisi masikio yakimwaka moto. Angekuwa kimya, mama yake angeendelea kumtetea, na soko lingeendelea kumcheka mama yake. Hilo hakuweza kulivumilia.

"Mama," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu. "Mama, sikuonja. Kipande nilimpa Mlinzi. Niliogopa, nikasema ni mtamu. Usigombane na Bwana Placidius. Amesema kweli."

Joviana alimtazama binti yake, kisha akamgeukia mfanyabiashara. "Nisamehe, bwana. Nimekutukana bure."

Placidius alivua kofia yake, akajikuna kichwa. Alikuwa anajiandaa kucheka, lakini hakucheka. "Hata watu wazima wengi wangenyamaza," alisema. "Sikiliza, mwalimu. Kwa ajili ya huyu mtoto nitawapa gulio moja tena. Wakija na chumvi hii hii, nitanunua kwa watu wa ng'ambo ya mto."

"Na mimi chumvi iliyobaki inatosha tenga moja tu," alisema Bibi Adelgunda. "Wasipofaulu, nitang'oa mapipa yangu."

Walirudi nyumbani na tenga lao. Njiani Joviana alikaa amempa mgongo binti yake, na hilo lilimuumiza Kemirembe kuliko fimbo. Walipofika uani, wakati akina mama wengine wakikusanyika kuuliza habari, Kemirembe alikwenda mwenyewe kwenye tenga, akamega kipande.

"Mama, naomba nionje sasa."

"Mtoto huyo!" Bibi Kokuhirwa alisema kutoka mlangoni. "Utajiletea mkosi."

"Mwache, mama," Joviana alijibu kwa heshima. "Aliahidi mbele ya watu."

Kemirembe alifumba macho, akatafuna. Chumvi ilimkamata ulimi kama upupu, machozi yakamtoka. Lakini hakutema. Alitafuna polepole, na nyuma ya chumvi akakuta ladha nyingine: moshi, mafuta, na kitu kitamu asichokuwa na jina lake.

"Ni wa chumvi," alisema. "Wa chumvi kweli kweli. Lakini ndani yake ni mzuri. Kama ungemtwanga ukamtia kidogo kwenye maharage, usingehitaji chumvi nyingine."

Bibi Adelgunda, aliyekuwa amerudi nao, alimshika bega. "Rudia hayo."

"Akitwangwa. Kidogo tu, kwenye maharage."

"Hayo ndiyo maneno ya mwonjaji," alisema mwalimu. "Leteni kinu! Huku chumvi ni ghali, na mboga zinapikwa bila kiungo. Tutawakausha hawa tena, tuwatwange wawe unga. Kasinge waitu, binti yangu. Kasinge." Kwa lugha ya kwao alikuwa anamshukuru, na Kemirembe alijua hakustahili bado.

Maana lilibaki jambo moja. Kesho yake, baada ya shule, alikwenda kwa Kyarimpa. Mama yake Kyarimpa alikuwa amekwisha mimina maziwa, kikombe kinamsubiri. Hakuna mtu wa malishoni aliyekuwa na habari. Kemirembe angeweza kunywa na kwenda zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa."

"Siwezi, mama. Jana nilikula kambare. Sikutaka kunywa maziwa yenu bila kuwaambia."

Mama yule alikitazama kikombe, akamtazama Kemirembe, kisha akakirudisha ndani taratibu. Kyarimpa aliinamisha kichwa. Kemirembe akarudi nyumbani, na njia ikawa ndefu.

Tenga la pili walianza Jumatatu, ili Jumapili isiwaingilie. Joviana aliinjika chungu cha maharage kando ya hori, na yalipoiva tu, samaki wakatolewa. Moshi ukafanya kazi yake. Pipa lilipofunuliwa, Kemirembe alimega kipande mbele ya wote, akakila bila kujificha.

"Chumvi imetosha. Moshi umetosha. Kwenye mkia bado kuna unyevu kidogo, turudishe kwa muda mfupi."

Wakarudisha. Walipotoa tena, Joviana alinyoosha mkono wake mwenyewe. "Mimi ndiye niliyemsukuma mtoto mbele kufanya nilichokiogopa mimi," alisema. Akakitia kipande kinywani. Akina mama walimtazama kama anavuka mto kwa kamba. Alitafuna. Akameza. Akamega kingine.

"Kuna nini?" waliuliza.

"Njooni wenyewe."

Wakaja, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikula macho yamefumbwa, wa mwisho alikula akisukumwa. Kisha mama mmoja akashika kiuno na kusema kwa sauti, "Kumbe miaka yote hii wanaume walikuwa wanatuficha kitu!" Kicheko kilisikika mpaka ziwani, na Rwezaura akasimama ndani ya mtumbwi wake akijiuliza wamefurahia nini.

Murongo, siku ya gulio, watu waliowakumbuka walianza kunong'ona tangu lori liliposimama. "Wale wa chumvi ya ng'ombe wamerudi!" Bwana Placidius aliweka kata ya maji karibu yake kabisa, ndipo akamega. Akatafuna. Soko lilikuwa linamtazama mdomo. Akamega tena, kikubwa zaidi, na kata ya maji akaisahau.

"Na ulimi wangu, mama," alimwuliza Joviana, "leo una homa?"

"Leo umepona, bwana."

"Basi tenga lote ni langu. Na kila gulio mniletee mengine, mpaka ziwa lenu likauke! Na huo unga ni wa nini?"

Kemirembe alikuwa na sufuria ya maharage yaliyotiwa unga ule, akamchotea. Placidius alikula, akachota mwenyewe, na watu wa ng'ambo ya mto wakaanza kusogea na kunyoosha mikono. Mwuza majembe aliyewacheka alipanga foleni pamoja nao. "Ng'ombe amekuja kulamba!" Joviana akamwambia, na safari hii soko lilicheka pamoja nao. Kabla jua halijasimama utosini, hapakubaki samaki wala unga, na Bibi Adelgunda alikuwa anapiga makofi kama msichana mdogo. Mapipa yake hayakung'olewa.

Walirudi wakiimba juu ya lori. Nyumbani, mtu alikuwa anawasubiri mbele ya ua. Ni Kyarimpa, na mikononi alishika kibuyu kidogo kipya, kinachonukia moshi wa majani.

"Mama amekutumia," alisema, akikwepa kumtazama machoni kwa aibu. "Anasema mtu anayekuja mwenyewe kusema amekula samaki, hawezi kutudhuru. Lakini usichanganye. Kibuyu hiki ni chako peke yako, na kitakaa kwenu. Nitakuletea maziwa humo."

"Na ng'ombe?" Kemirembe aliuliza kwa wasiwasi.

"Ng'ombe wako salama. Nimewakamua mwenyewe leo."

Wakacheka, wakashikana mikono.

Jioni hiyo Joviana alipika ndizi na maharage, akanyunyiza unga kidogo wa samaki aliokuwa ameuacha nyumbani. Kila mtu alikula. Bibi Kokuhirwa alikuwa mlangoni pale pale, mkeka wake magotini. Alinusa. Akanusa tena. Mwisho akamwita mjukuu wake.

"Niletee kidogo. Kidogo sana."

Bibi alionja kwa ncha ya ulimi, kisha akameza.

"Mjukuu wangu, kaa hapa," alisema. "Miaka yangu yote nimesema samaki ni mbaya, na sikuwahi kumwonja. Wewe ulisema ni mzuri, na hukumwonja. Sasa tuna tofauti gani mimi na wewe? Sote tulisema tusichokijua. Mungu aliupa ulimi kazi mbili, kuonja na kusema. Usiutume kazi ya pili kabla haujamaliza ya kwanza, na ukikosea, fanya kama ulivyofanya gulioni: sema mapema, hata kama watu wengi wanakutazama."

"Nimesikia, bibi."

"Vizuri." Bibi Kokuhirwa akasukuma mkeka pembeni na kunyoosha bakuli lake. "Sasa nipakulie kama watu wengine. Na mwambie mama yako chumvi imepungua kidogo."